Siku Niliyorudisha Juzuu Bila ya Kuisoma

Nawahadithieni mwenyewe kabla hamjahadithiwa na watu wa Mlandege, maana wao wanatia chumvi, wanasema nilikimbia matangani nimevaa suruali ya Bi Kazija. Sikuivaa. Niliichukua tu, nikaipeleka mpaka Vuga, nikaitandaza juu ya meza mbele ya Wazungu wawili na bwana mmoja wa hapa hapa kwetu, na hilo peke yake linatosha, halina haja ya kuongezwa. Tena suruali si aibu yenyewe. Aibu yenyewe iko mbele kidogo, na hiyo watu hawaisimulii kwa sababu haichekeshi.

Mimi ni mwalimu. Nilisoma sekondari mpaka mwisho, nikasomea ualimu, nikafundisha wasichana miaka mitatu, nikaolewa, nikazaa, na nilipomzaa Nasra watu wote wakaanza kusema nami kama kwamba kichwa changu kimetoka pamoja na mtoto. Mwaka ule ikatoka nafasi moja, moja tu, kwa mwalimu wa kike kwenda Uingereza kusoma mwaka mmoja katika chuo kikuu, masomo ya juu ya ualimu, na nauli ya meli na malazi juu yao. Fomu ilikuwa na kurasa sita. Nikaijaza kwa wino mweusi kama walivyotaka, na nilipofika ukurasa wa nne nikakuta wanataka barua ya mume kwamba ameridhia. Nilikwenda kumuuliza mwalimu mwenzetu mwanamume, aliyeomba nafasi kama hiyo kabla yangu, kama na yeye aliambatisha barua ya mkewe, akacheka mpaka akakaa kitako. Mimi sikucheka. Nina hasira na ule ukurasa wa nne mpaka leo, na nikiambiwa nipunguze hasira huzidi.

Mume wangu, Seif, ni karani Wete, Pemba, huja Unguja mara moja kwa miezi miwili. Barua aliileta, tena nzuri, kwa Kiingereza cha kiofisi, lakini ndani ya bahasha akatia na kikaratasi cha Kiswahili cha kwangu mimi, mstari mmoja: "Mwambie mama kabla hajasikia kwa watu." Kikaratasi nikakichana. Hapo ndipo palipoanzia.

Mama huyo ni mama mkwe wangu, Bi Raya, ninayekaa naye Kiponda, chumba changu kinaelekeana na chake. Si mtu mbaya (ningependa awe mbaya, mkasa huu ungekuwa mwepesi kuuhadithia), ila neno lake la kwanza kwa kila jambo ni hapana. Ukimuuliza kama chai yake imekolea sukari atakwambia hapana, kisha ataionja. Na mimi wakati ule nilikuwa nanyonyesha usiku, nasahihisha madaftari asubuhi, napika mchana, sikuwa na nguvu ya kupokea hapana nyingine nyumbani baada ya zile za ofisini. Nikajiambia nitamwambia nikishapata. Nikipata, kitakuwa kitu kilichokwisha, hakuna la kukataa. Nisipopata, hakuna la kusema. Nikaliona ni jambo la akili sana.

Ikaja barua: nifike Jumanne, saa tatu u nusu asubuhi, katika ofisi moja huko Vuga, na vyeti vyangu vya asili, si nakala, pamoja na barua ya mume. Nikawa nafikiri siku nzima namna ya kutoka nyumbani asubuhi na skuli zimefungwa, bila ya mtu kuniuliza nnakwenda wapi. Na Jumapili jioni akafariki Bi Shemsa wa Mlandege.

Bi Shemsa alikuwa shoga wa mama mkwe wangu tangu wote wawili hawajaota meno ya pili. Nilipoletewa habari nilisema inna lillahi, na Mungu anisamehe, kabla sijaimaliza nilikuwa nshapiga hesabu kwamba khitma itakuwa Jumanne. Mwanamke wa mjini anaweza kuulizwa anakwenda wapi akitaka kwenda dukani, akitaka kwenda kwa mama yake, akitaka kwenda kupunga upepo, lakini hakuna anayemuuliza akisema anakwenda matangani.

Bi Raya alikwenda siku ya maziko, akarudi na mguu umemvimba kama mto wa kulalia. Jumanne asubuhi akaniita chumbani.

"Mguu umenikataa," akasema. "Nenda wewe, uwe badala yangu. Mtoto niachie."

"Haya, mama."

"Na jengine. Watagawa juzuu. Chukua moja uisome kwa ajili yangu. Mimi macho hayaoni tena herufi, na Shemsa na mimi tulihitimu chuoni siku moja, mwalimu mmoja, joho moja tuliazimana. Sitaki khitma yake isomwe nami simo."

Nikasema inshallah. Naikumbuka sauti yangu, ilikuwa tamu.

Asiyejua khitma zetu nimweleze. Msahafu mzima unagawiwa katika vijitabu thelathini, kila kimoja ni juzuu moja, vinakaa ndani ya kasha. Kila anayejua kusoma anachukua kimoja, wote mnasoma kwa pamoja kila mtu na chake, ukimaliza unakirudisha, na vyote thelathini vikirudi ndipo anaombewa maiti dua. Kwa hiyo hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Hakuna anayekuhakiki. Ukikirudisha, umekisoma.

Vyeti, barua ya Seif na ile ya wito nilivitia katika bahasha kubwa ya kaki, bahasha nikaikunjia kanga ya kisutu ili isionekane, nikaikumbatia ndani ya buibui, nikatoka. Hesabu yangu: nifike saa mbili, nisome juzuu yangu mpaka saa tatu, nitoke kama mtu anayekwenda kumnyonyesha mwanawe, saa tatu u nusu niwe Vuga. Nilichosahau ni kwamba matangani hakuna saa. Kwanza ukaja uji. Kisha wakangojwa watu wa Bwejuu, jamaa za marehemu, waliokuja kwa gari ya shamba na mabunda yao ya kulala siku tatu. Kisha ukaja uji wa watu wa Bwejuu. Saa tatu kasoro robo ndiyo Bi Mwanaisha, mshika kasha, akaanza kugawa, na mimi ikaniangukia juzuu ya kumi na saba.

Nikaifungua. Nikasoma ukurasa wa kwanza, na nusu ya wa pili. Juu ya ukuta palikuwa na saa kubwa ya marehemu mume wa Bi Shemsa, ya kutia ufunguo, na kila mshale ukisogea nausikia kwenye meno. Ilipopiga saa tatu nikasema moyoni nitaimaliza nikirudi, au usiku nyumbani, thawabu haina masafa, Mungu anajua nia (ajabu namna mtu anavyokuwa mwanachuoni akitaka kukosa). Nikaifunga, nikaenda mpaka mbele, nikaiweka juu ya fungu la zilizosomwa.

Bi Mwanaisha akaniangalia juu ya miwani.

"Mara hii?"

"Naam."

"Mashallah. Ulimi mwepesi."

Nikaingia chumba cha ndani. Juu ya kitanda palikuwa na mlima wa mabuibui meusi, yote sawasawa, na kila moja limelalia furushi la mwenyewe. Langu nililiweka pembeni upande wa mto. Nikavuta buibui la upande wa mto, chini yake pana furushi la kisutu, nikalipachika kwapani, nikajitia, nikatoka. Na kisutu, jamani, ni kanga ambayo kila mwanamke anayo mbili. Hilo sikulifikiri. Niliona tu kwamba buibui linaninukia tumbaku na linaishia juu ya vifundo vya miguu, nikadhani nimelifunga vibaya kwa haraka, nikakata vichochoro vya Mkunazini nikikimbia kwa namna ambayo mwanamke anakimbia bila ya kuonekana anakimbia, yaani miguu inakimbia na juu umetulia.

Nilifika kwa wakati, wakaniweka nusu saa.

Ndani walikuwa watatu: bibi wa Kizungu mwenye mvi na macho mapole, bwana wa Kizungu aliyekuwa akiandika tu, na bwana wa hapa kwetu, mtu mzima, kofia ya kazi ya mkono na koti, ambaye nilimwamkia shikamoo akaniitikia marahaba kwa sauti ya kunyenyekea kidogo, kama kwamba hataki wenziwe wasikie. Nilivua buibui nikaliweka kitini pamoja na furushi, nikakaa na gauni langu la skuli. Na nasema kweli, nilizungumza vizuri. Waliniuliza kwa nini wasichana wengi wanaacha skuli mwaka wa tano, nikawaambia si kwa sababu ya wasichana. Waliniuliza nitafanya nini nikirudi, nikawaambia. Bwana wa Kizungu akaacha kuandika akanitazama. Halafu akauliza mtoto wangu nitamwacha na nani, nikamjibu kwa adabu kwamba mtoto ana nyumba na watu, na nikamuuliza, kwa adabu ile ile, kama swali hilo linaulizwa na akina baba. Yule bibi akainamisha uso kuficha kicheko. Nikajua nimepata. Nawaambieni, nilijua, nilikuwa nshaanza kuona baridi ya Uingereza.

Bibi akasema, "Sasa tuvione vyeti."

Nikaliweka furushi mezani, nikafungua fundo, nikakunjua kanga, na ikajifungua mbele ya watu wale watatu suruali ya marinda. Za kizamani zile, za kuvaliwa chini ya kanzu, pana, nyeupe, zenye mikunjo ya darizi kuzunguka vifundoni na kamba kiunoni. Ndani yake palikuwa na kijaluba cha tambuu, kikafunguka, chokaa ikamwagika juu ya karatasi za bwana wa Kizungu, na popoo mbili zikabiringika mpaka kwenye kidau cha wino zikasimama.

Mimi nilikuwa natafuta maneno ya Kiingereza, na Kiingereza chote nilichosoma miaka kumi kikaondoka.

Yule bibi, kwa upole wake (upole wake ndio ulioniua), akaikumbuka fomu yangu, nilipoandika kwamba nafundisha na ushoni. Akaishika suruali kwa vidole viwili.

"Hii ni kazi ya mikono yako?"

Hapa nilikuwa na njia. Ningesema, samahani, nimechukua furushi la mtu. Wangecheka, na mimi ningecheka. Lakini mtu aliyeanza asubuhi kwa naam moja ya uongo, ya pili inamtoka yenyewe.

"Ndiyo," nikasema.

Akafurahi. Akaiinua juu, dirishani, aone mishono. Akahesabu mikunjo ya guu la kulia, akaja guu la kushoto. Akaigeuza nyuma, pakatokea kiraka, kikubwa, cha kitambaa chengine kabisa, pale pale pa kukalia, na akasema kiraka kimetiwa kwa ustadi. Akamwonesha bwana wa Kizungu, naye akavaa miwani. Yule bwana wa hapa kwetu alikuwa akiangalia dari kama mtu anayehesabu boriti, kisha akainama kwangu akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Na tambuu nayo, mwanangu, ni kazi ya mikono yako?"

Machozi yalikuwa pale, lakini sikuyatoa, kulia mbele ya ukurasa wa nne sikutaka.

Nikasema vyeti nimevisahau. Wakatazamana. Bwana wa Kizungu akasema wanaamua leo, na saa sita mchana bahasha ya jina linalokwenda Uingereza inafungwa, aliyekosa vyeti hawezi kuandikwa, ila nikivileta mwenyewe kwa mkono wangu kabla ya saa sita, basi. Bibi akanishika bega. Akasema, "Vilete." Wallahi alitaka nivilete.

Nilirudi Mlandege sijui kwa miguu ya nani. Njiani ndipo nilipofahamu: furushi langu limebaki juu ya kile kitanda, na ndani yake pana kila kitu nilichoficha.

Nilikuta viatu mlangoni vimezidi. Nikaingia, na nyumba ya matanga ambayo siku zote ina mnong'ono ikawa kimya, kimya cha watu waliokuwa wakikusema sasa hivi. Katikati ya jamvi amekaa Bi Kazija, mwanamke mfupi mpana, jamaa ya marehemu kutoka Bwejuu, amejifunga kanga mbili juu ya miguu maana alimwagikiwa na uji, akaenda kubadilisha suruali, akakuta bahasha. Na pembeni yake, mguu umenyooshwa juu ya mto, Nasra amepakatwa, bahasha yangu ya kaki iko mapajani mwake, amekaa Bi Raya.

Kumbe walipofungua furushi aliitwa asome Salma, mtoto wa dada wa Bi Shemsa, aliyesoma nami skuli, na Salma akalisoma jina langu, na akaisoma na barua ya wito, kwa sauti, kwa Kiswahili fasaha, mbele ya wanawake arubaini. Jirani mmoja akatumwa mbio Kiponda kumuuliza mama mkwe wangu kama anajua mkwewe anakwenda Ulaya. Naye akaja. Na mguu ule. Kutoka Kiponda mpaka Mlandege, na mtoto begani.

Bi Kazija ndiye aliyeanza. "Nguo zangu zimerudi?"

"Zimerudi, bibi. Niwie radhi."

"Zilifika wapi?"

"Vuga."

"Vuga," akasema, akawageukia wenziwe. "Mimi na umri huu sijaingia ofisi ya Vuga, suruali yangu imeingia. Na tambuu?"

"Imemwagika, bibi."

"Imemwagika wapi?"

"Juu ya meza ya Mzungu."

Wakacheka. Matangani watu hucheka, si ajabu, lakini walicheka kwa kuziba midomo na kanga, mabega yanatikisika, na mimi nimesimama mlangoni na buibui linaloishia kwenye vifundo. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo.

Bi Raya hakucheka. Wala hakunitukana, na nilikuwa tayari kwa matusi, majibu yangu nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Vuga, yote ya kweli, yote makali. Akanyoosha mkono na bahasha.

"Karatasi zako hizi. Salma anasema zina saa. Chukua uende."

Nikazipokea. Nilikuwa nshageuka.

"Ila niambie moja," akasema. "Juzuu yangu uliisoma?"

Bi Mwanaisha alikuwa na kasha lake mbele, vijitabu vyote thelathini ndani, amefunga kifuniko, udi umeshatiwa motoni, mikono imeshainuliwa magotini kwa dua, walikuwa wanamngojea Bi Kazija tu amalize maneno yake. Ilikuwa neno moja. Lile lile nililokwisha kulisema asubuhi, na kwa mshika kasha lilipita bila ya taabu. Niliseme tena, nitoke, robo saa niko Vuga. Nilimwangalia Bi Raya, na macho yake yale yasiyoona herufi yalikuwa yananiangalia bila ya hila yoyote. Hakuwa ananitega. Alikuwa anauliza tu, alitaka kujua kama yumo.

"Sikuisoma, mama," nikasema. "Niliirudisha."

Kile kicheko cha suruali ya Bi Kazija nilitamani kirudi. Wanawake arubaini, na mikono ya dua ikateremka mmoja mmoja. Bi Mwanaisha akavua miwani. Binti wa marehemu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango tangu asubuhi, akaniangalia kwa mara ya kwanza, na hakuwa na hasira, alikuwa amestaajabu, kama mtu aliyekukuta unachimba ukuta wake.

Kwa haki yake, Bi Mwanaisha ndiye aliyeniokoa, au aliyetaka kuniokoa. Akafungua kasha. "Ngapi ilikuwa? Kumi na saba? Haya, nipeni mwengine aisome, mtoto aende zake na karatasi zake. Khitma itangoja kidogo, marehemu hana pa kwenda."

Salma akanyoosha mkono aichukue.

Nikamtazama Bi Raya. Hakusema kaa. Hakusema nenda. Alikuwa anamfuta Nasra pua.

Nami sijui kuwaelezeni nilivyofikiri, maana nilifikiri mengi kwa muda mfupi. Nilifikiri kwamba sina haki ya kukoseshwa nafasi kwa ajili ya kijitabu. Nilifikiri kwamba kama ukurasa wa nne usingekuwepo, kama mwanamke angeweza kusema nnakwenda kuomba masomo kama anavyosema nnakwenda matangani, nisingelazimika kupita juu ya maiti kufika Vuga. Yote hayo nilikuwa nayo na bado ninayo. Lakini ukurasa wa nne haukuandikwa na Bi Shemsa. Wala haukuandikwa na yule aliyenituma. Aliyefunga juzuu saa tatu ni mimi, na hakuna aliyenishika mkono.

Nikaenda uani nikatia udhu. Nikarudi, nikaichukua juzuu mkononi mwa Salma, nikakaa chini. Nasra akanusa harufu yangu akaanza kulia, nikampachika ziwa chini ya kanga, nikafungua ukurasa wa kwanza, si pale nilipoachia, mwanzo kabisa. Na kwa kuwa sasa walikuwa wananisikiliza wote, nikasoma kwa sauti. Wanawake arubaini na mimi peke yangu. Mara mbili nilikosea, mara mbili Bi Raya alinisahihisha kutoka kichwani, na macho ameyafumba.

Ilichukua muda inaochukua. Saa ikapiga saa sita nikiwa nimebakisha kurasa mbili, nikaisikia, na Nasra akaacha kunyonya akanitazama. Nikaendelea. Kisha dua, na dua ilikuwa ndefu.

Tulikwenda Vuga baada ya hapo, mimi na Bi Raya. Nilimwambia hakuna maana tena, akasema hapana, twende. Tukafika mtunza mlango anatia kufuli. Akasema mabwana wameshatoka na bahasha imeshafungwa, jina limeandikwa, mwalimu wa skuli nyengine. Mwalimu huyo namjua, na ni hodari, hata kumchukia siwezi, jambo ambalo nalo linaniudhi.

Tulirudi polepole kwa sababu ya mguu. Tulipofika Mkunazini akaegemea ukuta apumzike.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungekataa, mama."

"Ningekataa. Siku tatu, nne, ningekataa. Ndivyo nilivyo, hata Seif anajua. Halafu ningechoka." Akajisugua goti. "Wewe hukunipa hata nafasi ya kukataa. Watu arubaini wamejua kabla yangu kwamba mjukuu wangu nitaachiwa mimi. Na nani mwengine wa kumwacha naye? Ulikuwa utamwacha na nani?"

Lile swali la Mzungu nililijibu kwa fahari kwamba mtoto ana watu, na watu wenyewe sikuwa nimewauliza.

Basi huo ndio mkasa wangu, na Bi Kazija nilimpelekea tambuu mpya na doti ya kitambaa cha marinda, akapokea, akasema nikitaka suruali tena niombe tu. Nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitatia tena mkono juu ya juzuu ya mtu nisiyokusudia kuimaliza. La pili, sitakwenda tena kuomba kitu cha haki yangu kwa njia ya wizi, kwa sababu ukikipata utakificha na ukikikosa utakificha, na katika yote mawili huna wa kukupa pole.

Fomu zimetoka tena wiki iliyopita. Ukurasa wa nne bado upo, neno kwa neno. Ijumaa baada ya chakula cha mchana niliziweka mbele ya Bi Raya, nikamsomea zote sita kwa Kiswahili, nikamwambia nataka kwenda. Akasema hapana. Leo Jumanne, bado anakataa, lakini asubuhi ameniuliza kama Uingereza ni kweli watu hulala na soksi.